Malaria ya Kondo la Nyuma: Utafiti wa Muheza na Korogwe

Malaria ya kondo la nyuma ni maambukizi ya mjamzito ambamo vimelea vya Plasmodium falciparum hujikusanya kwenye kondo. Huleta upungufu wa damu kwa mama, kuharibika kwa mimba, na watoto njiti au wenye uzito usiofika gramu 2,500. Sehemu muhimu ya yanayojulikana kuhusu ugonjwa huu imetoka kwa akina mama wa Muheza, Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, na mchango wao unastahili kutajwa zaidi ya unavyotajwa.

Ubaya wake ni ukimya. Mjamzito hujiona mzima, hutobolewa kidole kliniki na kipimo kisionyeshe kitu, ilhali kondo lina vimelea tele. Ndiyo maana watafiti hulichunguza kondo lenyewe. Mara baada ya kujifungua hukatwa kipande kidogo upande ulioshikana na mji wa mimba, damu yake ikapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini huonekana vimelea vilivyokomaa, na pembeni punje za kahawia iliyokoza. Punje hizo ni masazo ya damu iliyoliwa na vimelea, na huweza kubaki hata maambukizi yakiisha.

Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia makondo kutoka Kisumu, Kenya, walionyesha kwamba vimelea hivi hunata kwenye kondroitini salfeti A iliyomo kwenye kondo. Kinachovinatisha ni protini iitwayo VAR2CSA. Kwa hiyo mwenye mimba ya kwanza huwa hatarini kuliko wenzake hata kama ameugua malaria tangu utotoni: kingamwili za kuzuia protini hiyo huanza kujengeka anapobeba mimba.

Kuanzia 2002 Fried na Duffy, wakishirikiana na mtafiti Theonest Mutabingwa, walifuatilia akina mama na watoto waliozaliwa katika Hospitali Teule ya Muheza. Matokeo ya 2005 yalikuwa na fumbo: kwa wanawake waliokwisha kuzaa kabla, kondo lenye malaria lilifuatana na mtoto kupata vimelea mapema zaidi, lakini kwa wazaliwa wa kwanza haikuwa hivyo.

Kinga inayotolewa kliniki kwa wajawazito ni dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), tembe tatu kwa mkupuo mbele ya muuguzi. Mwaka 2009 utafiti wa Muheza ulitoa habari ya kutia wasiwasi: vimelea sugu vilikuwa vikinufaika na matumizi ya dawa hiyo. Wengi wangetarajia iachwe. Lakini jaribio la 2018 na 2019 lililohusisha wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, Korogwe na Handeni zikiwemo, lilionyesha kwamba dawa mseto ya dihaidroatemisinini na piperakwini ilipunguza malaria vizuri zaidi bila kuleta uzazi bora kuliko SP. Inaelekea SP humsaidia mtoto kukua kwa njia nyingine pia, na kuiacha kwa haraka kungekuwa kosa.

Pengo kubwa la kinga liko mwanzoni mwa mimba. Huko Korogwe, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Copenhagen waliwapima wajawazito kwa utrasaundi mara kwa mara, wakatengeneza chati ya uzito wa kijusi iliyotokana na wanawake wa Afrika Mashariki wenyewe. Wakabaini kwamba maambukizi ya mapema ndiyo hudumaza sana ukuaji, na SP haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Wengi hufika kliniki baada ya hapo. Kwa hiyo, kuanzia 2014 watafiti hao wakaandikisha wanawake wa Korogwe na Handeni kabla hawajashika mimba.

Chanjo mbili zinazolenga VAR2CSA zimepita majaribio ya awali: PAMVAC huko Ujerumani na Benin, na PRIMVAC huko Ufaransa na Burkina Faso. Ili kuziba pengo hilo la mwanzoni mwa mimba, chanjo ya namna hii italazimika kutolewa kwa wasichana kabla ya mimba ya kwanza.