Mlango Mmoja, Nchi Mbili: Kutafuta Jamaa wa Mbali katika Nyanda za Buha

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Hawakusema, hata hivyo, asili hutafutwaje pale ambapo haikuandikwa, wala afanyeje yule ambaye kuipata asili yake kunaweza kumtia mashakani. Maswali hayo mawili hukutana katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha, ambako mto Malagarasi kwa sehemu ya safari yake umefanywa kuwa mpaka wa Tanzania na Burundi.

Ulimwenguni hakuna watu wanaosifika kwa kutafuta nasaba kama wana wa Ireland waliotawanyika Marekani, Australia na kwingineko. Nao walipatwa na msiba mkubwa wa kumbukumbu. Tarehe 30 Juni 1922, katika mapigano ya Dublin, jengo lililohifadhi nyaraka za taifa liliteketea pamoja na hati za karne nyingi. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zikateketea karibu zote. Hata hivyo mjukuu wa Mwairishi hakubaki mikono mitupu. Zimebaki sensa za 1901 na 1911, vitabu vya ubatizo, na orodha ya wapangaji wa ardhi iliyotungwa kati ya 1847 na 1864. Zaidi ya yote limebaki jina la ukoo. Ó maana yake ni mjukuu wa fulani, na Mac ni mwana wa fulani. Hata karatasi ikiungua, jina linaendelea kusema.

Katika Buha jina halisemi hivyo. Kwa desturi ya Waha, kama ilivyo kwa jirani zao Warundi, mtoto hakurithi jina la baba. Alipewa lake mwenyewe, nalo lilieleza namna alivyokuja duniani. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na anayezaliwa baada ya pacha ni Ciza. Mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa kumi Bucumi. Mwingine huitwa Habonimana, yaani Mungu ndiye aonaye, au Ntakirutimana, hakuna kimpitacho Mungu. Hivyo ndugu watano wa tumbo moja waweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata herufi, na Minani wa Kibondo asihusiane kabisa na Minani wa Kasulu ila kwamba mama zao wote wawili walizaa mara nane. Jina hapa ni shairi fupi la siku ya kuzaliwa. Latufunulia moyo wa mzazi, wala halituonyeshi njia ya kwao.

Basi njia ya kwao huonyeshwa na nini? Hujibu neno *umuryango*. Katika Kiha na Kirundi neno hilo lina maana mbili: mlango wa nyumba, na watu wa ukoo mmoja. Msomaji wa pwani hatalishangaa, kwani Kiswahili cha wazee nacho kiliita kizazi mlango, na waliotoka katika mlango mmoja walijuana kwa mahari, kwa mirathi na kwa mazishi. Mzee wa Kiha anayetaka kumjua mgeni hamwulizi jina na kutosheka. Humwuliza kilima alichozaliwa, baba wa baba yake, ukoo wa mama yake, na nani waliokuwa jirani zao. Majibu yakikubaliana na yale ayajuayo, mgeni amekuwa mwana wa nyumba. Yasipokubaliana, hata jina zuri namna gani halimsaidii.

Maarifa hayo yalitegemea sharti moja, kwamba watu wabaki karibu na kilima chao. Sharti hilo lilivunjwa mara kadhaa katika karne ya 20.

Kwanza ulikuja mpaka. Wajerumani waliikuta Buha imegawanyika katika falme kadhaa, miongoni mwazo Heru upande wa Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, kila moja ikiwa na Mwami wake. Upande wa pili ulikuwa ufalme wa Burundi, na watu walivuka kuoa, kulisha ng'ombe na kukimbia njaa. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana kwamba Urundi iende Ubelgiji, na mwaka 1921 Kigoma ikakabidhiwa Mwingereza. Mtu na shemeji yake wakaamka wakiwa raia wa serikali mbili, kila mmoja akiwa bado kitandani mwake.

Kisha wakahamishwa watu. Katika miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya wakazi wengi wa Kibondo na Kasulu katika makazi mapya kwa sababu ya malale yaliyoenezwa na mbung'o. Mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, na familia zilizokaa kwa kutawanyika vilimani zikateremshwa katika vijiji kando ya barabara. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini makaburi yalibaki porini, na kwa watu wasioandika, kaburi ndilo lililokuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha ukoo.

Katikati ya matukio hayo mawili kulikuwa na safari ya pwani. Kigoma ilifanywa ghala la nguvu-kazi. Wenye mashamba ya mkonge walipounda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, vijana wa Kiha walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa mkataba kwenda Tanga na kwingineko. Watu wa pwani waliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wengi walirudi. Wengine walioa huko, wakasilimu, wakachukua majina ya Hamisi na Jumaa, na watoto wao wakakua wakijua neno moja tu kuhusu kwao: Kigoma. Ambaye jana alikuwa Butoyi bin fulani wa kilima fulani, katika kipande chake alikuwa tarakimu.

Mjukuu wa manamba atakayeanza safari ya kurudi ataikuta karatasi chache. Vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza vimehifadhi nasaba, ila ni nasaba za Bami. Mkulima hakuonekana kuwa na babu wa kuandikwa. Vitabu vya ubatizo vya misheni ni hazina kubwa zaidi, maana padri aliandika jina la baba, la mama na la msimamizi, lakini humsaidia tu yule ambaye wazee wake walibatizwa. Hata jina la wilaya limehama: mwaka 2012 Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo na Buhigwe kutoka Kasulu, hivyo aliyeambiwa kwamba babu yake ni wa Kibondo huenda amtafute Kakonko. Ng'ambo ya mpaka, mikoa ya Ruyigi, Rutana na Makamba ilifutwa katika mgawanyo mpya wa 2025.

Lakini waliotafutana kwa uchungu kuliko wote ni wakimbizi. Mauaji ya 1972 nchini Burundi yaliwavusha wengi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, tarehe 21 Oktoba 1993, wilaya za Kibondo na Kasulu zikawa nchi ya kambi: Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Mtabila, Muyovosi, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya Wakongomani. Mwaka 2015 Warundi wakavuka tena. Katika mbio za usiku mtoto huponyoka mkononi, na mama hufika mtoni peke yake.

Hapo kutafuta jamaa kukawa kazi ya kila siku. Watumishi wa Msalaba Mwekundu waliandika jina la mtoto, la baba, la mama, la kilima, na mahali walipoachana. Maswali yale yale ya mzee wa Kiha, safari hii katika fomu. Barua zao zilikwenda bila kufungwa, nazo ziliruhusiwa kubeba habari za nyumbani tu: nani yu hai, nani amezaa, nani amefariki. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi ili waliopoteana wasikizane, na matangazo hayo yakapewa jina la Gahuzamiryango, chenye kuunganisha koo. Mwenye masikio ya lugha atausikia mlango wetu ndani ya neno hilo.

Na kumpata jamaa hakukuwa faraja ya moyo peke yake. Waliokimbia 1972 walipoanza kurejea Burundi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Aliyeweza kumtaja babu na mipaka ya kilima, na kupata jamaa wa kumshuhudia, alikuwa na la kusema mbele ya wasuluhishi. Asiye na jamaa alikuwa mgeni kwao.

Upande huu wa mpaka, hata hivyo, jamaa huyo huyo aweza kuwa mzigo. Sheria ya Ireland humpa mjukuu wa aliyezaliwa kisiwani humo haki ya kuomba uraia. Ndiyo maana wengi hufurahi wanapoliona jina la bibi katika daftari la zamani. Katika Kasulu na Kibondo, bibi aliyezaliwa ng'ambo aweza kumtia mjukuu katika kuulizwa: wewe ni Muha au Mrundi? Lugha zao husikilizana, majina yao ni yale yale, na sura haina mpaka. Mwaka 2013 ilipoendeshwa Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kigoma, Kagera na Geita, iliripotiwa kwamba miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliokaa nchini miaka mingi, na kwamba familia zilitenganishwa. Baada ya hayo, nani atamlaumu mzee anayenyamaza akiulizwa habari za shangazi aliyeolewa Ruyigi?

Kimya hicho mtafiti asikidhanie kuwa usahaulifu. Mara nyingi ni hekima ya mtu anayewalinda wajukuu. Ofisa anauliza ili atenge, jamaa anauliza ili aunge, na maneno ya swali ni yale yale. Mzee hana budi kwanza kumtambua muulizaji.

Kwa hiyo mjukuu wa manamba aliyeko Tanga, Pangani au Unguja asianze na karatasi, wala asianze na jina. Aulize nyumbani kwanza, maadamu wazee wapo: babu alizaliwa wa ngapi, kilima chake kiliitwaje, mama yake alitoka ukoo gani, waliondoka naye akina nani. Ayaandike kama yalivyotamkwa, hata asipoyaelewa, kwani neno lisilo na maana Pangani laweza kuwa jina la kilima Muhambwe. Akifika Buha aseme kwanza yeye ni nani na anataka nini, kisha akae, asubiri kuulizwa. Huko, kama ilivyo pwani, mgeni hukaribishwa baada ya kupiga hodi, na hodi ya kweli ni kuyajua majina ya wafu wake.