Kitabu cha Vita na Kazi ya Shaba

Labda msomaji atashangaa kusikia kwamba kitabu cha vita cha Sun Tzu, Mchina wa kale, ambacho wakubwa wa biashara wa siku hizi hukisoma ili wajifunze kuongoza kazi zao, kililetwa Ulaya na padre. Padre Joseph-Marie Amiot, Mjesuiti aliyekaa miaka mingi Peking, alikigeuza kwa Kifaransa, kikapigwa chapa Paris mwaka wa 1772.

Mbona padre ashughulike na vita? Lakini kitabu chenyewe hakivisifu vita. Chahesabu gharama zake, tena chamweka juu jemadari ashindaye bila kupigana. Chataka jemadari awatunze askari kama wanawe, na kujua mambo kwa kuuliza watu, si kwa kubahatisha.

Tuyapime hayo hapa kwetu Lubumbashi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, kwanza iliajiri wanaume kwa miezi michache tu. Waliwaacha wake zao vijijini. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka, na kila mara ilibidi kufundisha wageni. Hasara tupu! Basi kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kompani ilibadili shauri: mapatano ya miaka mitatu, nyumba, posho, hospitali, mke kuja pamoja na mumewe, na shule chini ya wamisionari. Watu wakakaa, wakawa mafundi. Hatudhani kwamba wakubwa wale walimsoma Sun Tzu, ila nusu ya shauri lake waliifuata.

Nusu ya pili iliwashinda. Walijua kupima posho ya kila nyumba, lakini hawakuuliza. Na sisi wa misioni, tuliokuwa na shule ndani ya kambi zile, tusijitoe upesi katika habari hii. Vita kuu ya pili ilipandisha bei za vitu, mshahara haukutosha, na Waafrika hawakuruhusiwa kuwa na chama cha kuwasemea. Mwezi wa Desemba 1941 waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, na Léonard Mpoyi akasema kwa niaba yao. Askari wakapiga risasi. Mpoyi akafa pale pale, na wengi pamoja naye.

Ruhusa ya chama ilitolewa mwaka wa 1946.