Kufuli Ndani ya Sanduku: Tarikhi ya Konsoli na Kompyuta

Ugomvi baina ya wachezaji wa konsoli na wachezaji wa kompyuta ni wa zamani kuliko wengi wa wanaougombania leo, na kama ilivyo ada ya magomvi ya kurithi, wanaouendeleza aghalabu wamekwisha kusahau asili yake. Wa kompyuta humcheka mwenzake kwa kununua sanduku asiloruhusiwa kulifungua. Wa konsoli naye hujibu kwamba yeye, arudipo kazini jioni, hubonyeza kitufe akacheza, ilhali mwenzake yungali akitafuta kwa nini spika hazitoi sauti. Nijuavyo mimi, adha za wote wawili, kwa sehemu kubwa, zimetokana na swali moja: mashine ikishalipiwa, mamlaka juu yake ni ya nani?

Kompyuta ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, Steve Russell na wenzake waliandika mchezo wa vita vya angani uitwao Spacewar!, wakauchezea kwenye mashine ya PDP-1 ambayo bei yake ilikuwa kiasi cha dola 120,000, yaani chombo ambacho hakuna baba wa nyumba aliyeweza kukiota, sembuse kukinunua. Aliyeufikisha mchezo sebuleni ni mhandisi Ralph Baer, aliyezaliwa Ujerumani akakimbilia Marekani pamoja na wazazi wake kuepuka dhuluma ya Wanazi, ambaye mnamo 1966 alipata fikira nyepesi lakini yenye matokeo makubwa: kwamba televisheni zimekwisha kuenea katika mamilioni ya nyumba, nazo hazina kazi ila kutazamwa. Kutokana na fikira hiyo ilizaliwa Odyssey ya kampuni ya Magnavox, mwaka 1972, konsoli ya kwanza kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, isiyotoa sauti wala kuhesabu alama, ambayo mandhari ya michezo yake yalikuwa karatasi za plastiki za kubandikwa juu ya kioo. Na taabu ilianzia dukani, kwani wanunuzi wengi walishika imani kwamba sanduku hilo halifanyi kazi ila kwa televisheni za Magnavox peke yake.

Baadaye, mwaka 1977, ikaja mashine ya Atari, iliyokuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu lakini ikakubali katriji za kubadilisha. Na kwa kuwa haikuwekewa kufuli la namna yoyote, waandishi wanne wa programu waliochoshwa na kufanya kazi bila ya majina yao kutajwa waliihama Atari mwaka 1979, wakashiriki kuunda Activision na kuanza kuuza katriji zao wenyewe. Walikuwa mafundi wa kweli. Waliowafuata hawakuwa hivyo, na haukupita muda soko likafurika michezo mibovu, ile ya Atari yenyewe ikiwamo, hata katika Septemba 1983 kampuni hiyo ikazika shehena za katriji katika jalala la Alamogordo, New Mexico, ambazo zilifukuliwa mwaka 2014 mbele ya kamera.

Wakati huo kompyuta za nyumbani zilikuwa zinashuka bei na kupanda cheo. Commodore 64 na ZX Spectrum zilitoka mwaka 1982, na ile Spectrum ndogo ya Clive Sinclair iliuzwa Uingereza kwa pauni 125. Hoja waliyopewa wazazi ni kwamba mtoto atacheza na pia atasoma. Aliyoyapata mtoto ni kaseti. Mchezo ulirekodiwa kwenye ukanda ule ule wa muziki, ukachukua dakika kadhaa kupakiwa huku redio-kaseti ikipiga ukelele wa kutoboa masikio, kisha, kabla ya kufika mwisho, kioo kikaandika kwamba kuna kosa katika ukanda, na kazi yote ikaanza upya. Wajuzi walishika bisibisi wakanyoosha kichwa cha kusomea mpaka ukelele ukalainika. Hata hivyo, aliyekuwa na redio ya kaseti mbili aliweza kumnakilia jirani yake mchezo mzima, jambo lililowaudhi wauzaji na kuwafurahisha watoto wa mtaa.

Nintendo ya Kyoto ilitazama yote hayo na kuzingatia. Konsoli yake, Famicom, ilikuwa imeanza kuuzwa Japani katika Julai 1983, ikipokea katriji zake kwa juu, nayo ilifanya kazi vizuri. Lakini wenye maduka wa Marekani, waliounguzwa na hasara ya mwaka ule ule, hawakutaka hata kulisikia neno konsoli. Kwa hiyo, ilipopelekwa New York katika Oktoba 1985, ilivishwa joho jingine: ikawa sanduku la kijivu mfano wa deki ya video, lenye mlango mbele, ambamo katriji husukumwa ndani kisha ikabonyezwa chini. Mlango huo ulihitaji tundu la pini 72 zenye kunesa, na pini hizo, kila zilipokunjwa na kukunjuliwa, zililegea, mpaka mgusano wake na katriji ukawa wa bahati nasibu.

Peke yake kasoro hiyo ingevumilika. Lakini Nintendo, kwa kuhofia mafuriko yaliyoizamisha Atari, na kwa kutaka pia kila mtengenezaji wa michezo apite mlangoni kwake na kulipa, iliweka chipu ya ulinzi ndani ya sanduku na mwenziwe ndani ya katriji, ikaziamrisha zizungumze bila ya kukoma. Na endapo mazungumzo yakikatika, sanduku hujizima na kujiwasha karibu kila sekunde, na taa yake nyekundu ikapepesa. Kufuli hilo halikuwa na akili ya kupambanua mwizi na vumbi. Katriji halali, iliyonunuliwa kwa fedha halali, ikishindwa kugusana na pini moja tu, ilihukumiwa sawa na ya bandia. Hapo ndipo watoto wa bara zima, bila ya kufundishwa na mtu, walipoanza kuzitoa katriji na kuzipuliza kwa midomo, na kwa kuwa mara nyingi mashine ilikubali baadaye, walisadiki kwamba pumzi ndiyo dawa, hali ya kuwa kilichosaidia ni kule kutoa na kurudisha, na unyevu wa pumzi uliziozesha shaba polepole. Nintendo yenyewe iliwatahadharisha wateja wasipulize, hawakusikia.

Mwaka 1993 ilitoka konsoli hiyo hiyo katika umbo jipya, ikipokea katriji kwa juu kama ile ya Japani, na bila ya chipu ya ulinzi. Sijui ungamo gani lingekuwa wazi zaidi. Katika miaka ya katikati kampuni ya Atari Games ilikuwa imeipata programu ya kufuli hilo katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani kwa kutoa sababu ya uongo, ikatengeneza ufunguo wake, na mahakama ikaikatalia mwaka 1992. Famicom ya Japani, isiyokuwa na kufuli, ilinakiliwa katika karakana za Taiwan na China, na nakala hizo zikaenea Asia, Ulaya ya Mashariki na Afrika, pamoja na katriji zilizoahidi mamia ya michezo na kuleta michache inayojirudia kwa majina tofauti.

Wenye kompyuta hawakuwa na la kujivunia. Enzi za MS-DOS, mtu aliyenunua kadi ya sauti ya Sound Blaster, bidhaa ya kampuni ya Creative ya Singapore iliyotoka mwaka 1989, alipaswa kuuambia kila mchezo kadi hiyo imekaa katika anwani ipi na inaomba nafasi kwa namba gani, na akikosea hupata ukimya au mashine kuganda. Kisha akahariri mafaili mawili ya kuanzishia ili kubana nafasi katika zile kilobaiti 640 za kumbukumbu. Hapakuwa na kufuli. Hapakuwa na msaada vilevile.

Kilele cha adha hiyo kilikuwa Krismasi ya 1994. Disney ilikuwa imetoa kitabu cha kompyuta cha The Lion King, hadithi ya yule mwana-simba ambaye majina mengi ya jamaa zake yaliazimwa kwetu, nayo kampuni ya Compaq ilikiweka katika kompyuta zake za Presario. Lakini programu ya Microsoft ya kuchorea picha haikuwa imejaribiwa na kiendeshaji cha kioo cha mashine hizo. Asubuhi ya sikukuu watoto waliwasha kompyuta wakapokelewa na buluu tupu na maandishi ya hitilafu, na simu za Disney zikafurika malalamiko. Microsoft ilijifunza: mwaka uliofuata ikatoa DirectX, daraja baina ya mchezo na vipuri vya kila aina, na kutokana na jina hilo, mwaka 2001, ikaita konsoli yake Xbox, ambayo ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel na diski kuu, yaani kompyuta iliyofungwa parafujo.

Tangu hapo mpaka umefutika. Xbox 360 ya mwaka 2005 iliwaka mduara mwekundu na kufa kwa wingi hata Microsoft, mwaka 2007, ikaongeza dhamana kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Wenye mashine hiyo waliifunga mataulo, tiba yenye elimu ile ile ya kupuliza. Mwaka 2011 mtandao wa PlayStation ulifungwa zaidi ya wiki tatu baada ya kuvamiwa. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza Xbox One ya kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na ghadhabu ya wateja ikailazimisha kutengua kauli mwezi ule ule wa Juni. Mchezo mpya sasa huja na gigabaiti za masahihisho siku unayoununua, mzigo ambao mwenye kibanda cha gemu Mombasa au Dar es Salaam, anayelipa bando kutokana na vijana wanaolipia mechi moja moja, haupokei kama anavyoupokea mwenye intaneti ya bure ya baba.

Mwishoni mwa 2023 Sony ilileta PlayStation 5 nyembamba, ambayo kisomeo chake cha diski huweza kununuliwa mbali na kupachikwa na mwenyewe kwa mkono. Ukikipachika, hakisomi diski yoyote mpaka konsoli ijiunge na intaneti na kukisajili.