Nani anamruhusu bingwa ashike kisu peke yake?

Mgonjwa wa Buguruni anayekatwa na tumbo usiku huanzia kituo cha afya cha hapo hapo, husogezwa Amana, na akizidiwa hufikishwa Muhimbili. Huko anaweza kupokewa na daktari anayesomea ubingwa, aliyebakiza miezi michache ahitimu. Jinsi ya kujua kama daktari huyo yuko tayari kuachwa peke yake ni suala ambalo historia yetu ya udaktari imelijibu nusu tu. Tanganyika ilipata uhuru 1961 ikiwa, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, na madaktari wazalendo 12. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu 1968, baadaye ikaanza kufundisha mabingwa. Kutoka vyuo vya Kiingereza ilirithi mtahini wa nje, anayeletwa kutoka chuo kingine, na kwa nchi changa ilikuwa busara: shahada ya Dar ilibidi iheshimike Nairobi na London. Lakini mtahini huyo hamwoni mtahiniwa saa nane usiku, mama anavuja damu na benki ya damu haina kundi lake. Anapima elimu. Utayari ni pamoja na kujua lini umwamshe mkubwa wako.

Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, kilisogea hatua moja: mwanafunzi hujifunzia hospitalini na kuandika kila upasuaji alioshiriki, kisha ndipo hufanya mtihani. Ni ushahidi mzuri, ila idadi nayo hudanganya. Tohara mia hazimfundishi mtu kufungua utumbo uliojisokota.

Kinachokosekana ni maandishi ya bingwa anayemsimamia kazini, akisema kama anaweza kumwacha peke yake. Wapo watakaosema bosi huyo akipewa kalamu atampendelea kijana wake, au atamkomoa. Kweli, na ndiyo maana waandike wengi, wauguzi wa wodi wakiwemo, na mtahini wa nje abaki. Hoja nzito zaidi ni uhaba: mabingwa wachache, wodi zimefurika, nani ana muda wa fomu? Hata hivyo hukumu ya nani aachwe peke yake hutolewa kila usiku. Bingwa akipigiwa simu humwambia mmoja, "Anza, nakuja," na mwingine, "Usiguse mpaka nifike." Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo tathmini yenyewe, na asubuhi haiandikwi popote. Mwaka unaofuata wote wawili wana cheti kilekile, na mmoja wao amepangiwa mkoa ambako hakuna bingwa mwingine wa fani yake wa kumpigia simu.