Kigeuzi Kisichogeuza Kitu

Joto, sauti na mapigo ya moyo huingia kwenye saketi yakiwa volti inayopanda na kushuka pasipo ngazi. Kompyuta yenyewe hutaka namba. Kifaa kinachosimama katikati huitwa kigeuzi cha analogi kwenda dijiti, na jina hilo silipingi. Ila anayetaka kukiunda kitumie umeme kidogo ajue mapema kwamba humo ndani hakuna kinachogeuzwa. Kuna kulinganisha tu.

Chukua aina iliyozoeleka katika vifaa vya betri. Volti ya nje hushikwa kwanza kwenye kapasita, kisha saketi huuliza: imezidi nusu ya volti ya rejea? Ikizidi, biti ya kwanza ni 1 na swali linalofuata ni la robo tatu. Isipozidi, ni 0, na huulizwa robo. Ndivyo afanyavyo muuza duka mwenye mizani ya mawe: huanza na jiwe kubwa, huliondoa likizidi, hujaribu dogo. Maswali 10 hutosha kutenganisha viwango 1,024. Kigeuzi cha mkupuo, kinachouliza yote kwa pamoja, kingehitaji vilinganishi 1,023, na vyote hula umeme.

Aina hii ningeiita kigeuzi cha ulinganishaji mfululizo. Wapo watakaopenda “ukadiriaji”, lakini kwetu anayekadiria amekosa kipimo, na hapa kila biti hupatikana kwa kupima.

Mawe yenyewe ni kapasita, kama McCreary na Gray wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walivyoonyesha mwaka 1975. Uzuri wa kapasita ni kwamba haihitaji mkondo wa kudumu. Nishati hutumika inapochajiwa, nayo hufuata ukubwa wake na mraba wa volti. Basi tuzifanye ndogo? Hapo ndipo mbuni hukwama: kapasita ikiwa ndogo mno, kelele ya joto huyumbisha volti iliyoshikwa. Kelele inapokuwa ndiyo kikwazo, biti moja ya ziada hudai kapasita kubwa mara nne.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walitangaza kigeuzi cha biti 10 kinachochukua sampuli milioni 1 kwa sekunde kwa mikrowati 1.9 tu. Kapasita zao zilichajiwa kwa hatua ndogondogo badala ya mkupuo mmoja, na kilinganishi chao kilitumia umeme pale tu kilipoulizwa.