Mupira Nyumbani: Namna Jamaa za Rutshuru Zilivyofuata Ekipe Zao

Mtu akisikia maneno "desturi za wazee", anawaza mara moja ngoma, mahari, pombe ya ndizi na hadithi za jioni karibu na moto. Hatukatai. Lakini katika jamaa zetu za Rutshuru kuna desturi nyingine iliyoingia pamoja na redio, ikakaa, na sasa ina zaidi ya miaka hamsini. Ni ile ya kufuata ekipe moja pamoja, baba, mama, watoto na wajomba, tangu mechi ya kwanza ya mwaka mpaka ya mwisho. Tunaiandika hapa kabla wale walioianza hawajatutoka wote.

Tuanze na redio. Kutoka Rutshuru kwenda Goma ni kilomita kama sabini, na kwenda Kinshasa au Lubumbashi hakuna barabara ya kumfikisha mtu kuona mechi na kurudi. Kwa hiyo mupira wetu ulikuwa mupira wa masikio. Redio iliwekwa mezani, pile zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo, na baba ndiye aliyeshika kifungo. Watoto tulijua pia hesabu ya saa: wakisema saa tisa Kinshasa, kwetu Kivu ni saa kumi. Aliyesahau hesabu hiyo alikuja na kiti chake mechi imekwisha anza.

Ekipe zilizogawa nyumba zilikuwa hasa mbili. Ya kwanza ni Mazembe ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939. Ilipokuwa ikiitwa bado Englebert ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967, ikalichukua tena mwaka 1968, na hakuna kilabu kilichokuwa kimelishika mara mbili mfululizo kabla yake. Mwaka 1969 na 1970 ilifika tena fainali, ikashindwa. Ya pili ni Vita Club ya Kinshasa, iliyozaliwa mwaka 1935, ambayo ilichukua kombe hilo hilo mwaka 1973. Katika fainali ilipigwa 4-2 na Asante Kotoko kule Ghana, kisha ikawapiga 3-0 Kinshasa. Basi nyumba nyingi zilikuwa na baba wa Mazembe na baba mdogo wa Vita, na chakula cha Jumapili kilikuwa na maneno mengi kuliko nyama.

Tuseme wazi: ugomvi huo ulikuwa shule. Mtoto alijifunza kwamba unaweza kumpinga mkubwa wako kuhusu ekipe bila kumkosea heshima, mradi useme "Baba mdogo, samahani, lakini leo mulipigwa." Na mkubwa alijifunza kukubali mbele ya watoto. Ndiyo maana ya methali yetu: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Juu ya vilabu vyote kulikuwa ekipe ya taifa. Mwaka 1968, Addis Ababa, ilipiga Ghana 1-0 na kuchukua kombe la Afrika, goli likifungwa na Pierre Kalala. Mwaka 1974 ikalichukua tena Cairo, sasa kwa jina la Zaïre, na Ndaye Mulamba peke yake akafunga magoli tisa katika mashindano hayo. Mwaka huo huo wakaenda Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko.

Yaliyotokea tunayajua: 2-0 mbele ya Scotland, 9-0 mbele ya Yugoslavia, 3-0 mbele ya Brazil. Wazee wetu wanakumbuka usiku ule wa Yugoslavia. Goli la tatu lilipoingia, wengine waliomba redio izimwe. Mzee mmoja wa nyumbani kwetu akakataa: "Hapana, muache. Ni batoto betu, tutabasikia mpaka mwisho." Wakasikiliza yote tisa. Ndaye alitolewa uwanjani usiku ule kwa kosa ambalo hakulifanya, na wachezaji walieleza baadaye kwamba roho zao zilikuwa zimevunjika kwa sababu ya zawadi za pesa walizoahidiwa bila kuziona. Dunia ilicheka. Kwetu lilibaki neno la mzee yule: ukishangilia nao, uhuzunike nao vilevile.

Kisha vikaja miaka ya vita, tangu 1996. Jamaa zilitawanyika, redio ziliporwa au kuuzwa. Lakini desturi haikufa. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe iliipiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa kilabu cha kwanza cha Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Kila mtoto aliiga golikipa Kidiaba akirukaruka kwa matako. Siku nne baadaye Inter Milan ilitupiga 3-0, na hata wale wa Vita walisema "tumepigwa", si "mumepigwa".

Mwaka 2016 kombe la CHAN lilichezwa hapa jirani, Rwanda. Katika robo fainali Kongo ilikutana na wenyeji wenyewe, ikashinda 2-1 baada ya dakika za nyongeza, kisha ikachukua kombe kwa kuipiga Mali 3-0. Sisi wa mpakani tuna ndugu pande zote mbili, na simu zilizopigwa jioni ile zilikuwa za utani, kama shemeji kwa shemeji. Ni vizuri kukumbuka kwamba kati ya majirani hawa kulikuwa pia siku ya namna hiyo.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 walishika Rutshuru na Kiwanja. Wengi wa watu wetu walikimbilia kambi kama Kanyaruchinya, karibu na Goma. Walikuwa bado wakimbizi tarehe 7 Februari 2024, Kongo ilipocheza nusu fainali ya kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa, kama bunduki. Dunia iliona kwamba watu wa mashariki wanakufa na wengine wananyamaza. Tulipigwa 1-0. Lakini mwaka 1974 sisi ndio tuliokaa na ekipe katika mateso yake. Safari hii ekipe ilikaa nasi katika yetu.

Ndiyo sababu tunaiita desturi. Ombi letu kwa wasomaji ni dogo: jioni moja, muulize mzee wa kwenu alikuwa wapi siku ya tisa bila, na nani alikuwa ameketi kando yake. Andika majina yote. Wengi wao hawako tena, na kiti chao karibu na redio ndicho kumbukumbu iliyobaki.