Lugha ya Alama katika Chuo cha Gallaudet

Katika mji wa Washington, Marekani, kiko chuo kikuu cha viziwi kiitwacho Gallaudet. Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kukiruhusu kutoa shahada katika mwaka 1864. Tangu hapo wanafunzi wake walizungumza kwa mikono mezani, bwenini na uwanjani; hata hivyo karibu miaka mia ilipita kabla hajatokea mwalimu wa kuichungua lugha hiyo kama lugha zichunguzwavyo.

Nayo ilikuwa na nasaba yake. Katika karne ya 18, Padre de l'Épée aliwakusanya viziwi mjini Paris akajifunza alama zao, kisha akawafundisha kwa hizo. Laurent Clerc, kiziwi aliyesoma katika shule hiyo, alivuka bahari mwaka 1816 pamoja na Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka 1817 wakafungua shule huko Hartford. Alama za Kifaransa zikachanganyika na zile walizokuja nazo watoto kutoka makwao. Ndiyo maana hata leo alama za Marekani zafanana zaidi na za Ufaransa kuliko za Uingereza.

Lakini mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote watu wenye kusikia, walikutana Milan wakakata shauri kwamba usemi wa kinywa ndio bora, na alama ziachwe. Katika shule nyingi watoto wakapigwa mikono kwa kosa la kusema. Chuo cha Washington hakikuziacha alama, ila hata huko wengi walizidhania kuwa Kiingereza kibovu kisicho na sarufi. Nisiwacheke. Shuleni nilikosoma mimi, aliyesikiwa akinena lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni mpaka amnase mwenziwe. Nasi tuliamini kweli kwamba lugha ya nyumbani haina kanuni.

Mwaka 1955 akaja William Stokoe kufundisha Kiingereza. Alikuwa mtu wa kusikia, wala hakuwa hodari wa alama. Pengine ugeni ule ulimfaa, kwani alitazama kile ambacho wenzake walikwisha kukizoea. Aliona kwamba kila alama yaweza kuchambuliwa katika mambo matatu: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Chukua kidole cha shahada, ukipitishe mbele ya paji la uso huku ukikikunja: umesema majira ya joto. Fanya vivyo hivyo mbele ya pua, umesema sura mbaya. Kidevuni, umesema kavu. Kidole ni kile kile na mwendo ni ule ule. Mahali tu pamegeuka, na maana imegeuka. Je, si kama sisi tusemavyo pata na bata? Basi alama si picha zichorwazo hewani tu, bali zina viungo, kama neno lilivyo na sauti zake.

Alipochapisha maneno hayo mwaka 1960, baadhi ya walimu wenzake walimdhihaki, na viziwi kadhaa nao wakashangaa kuona mazungumzo yao ya bwenini yakifanywa elimu. Hakuacha. Mwaka 1965 ikatoka kamusi, aliyoitunga pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, wote wawili viziwi. Kamusi hiyo haikufuata alfabeti ya Kiingereza. Ilipanga alama kwa viungo vyake zenyewe. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko hoja zote, maana lugha ilipewa mlango wake wa kuingilia, isipitie nyumba ya jirani.

Pole pole lugha ya alama ikawa somo la kufundishwa na kutahiniwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, hata kwa wenye kusikia. Lakini mpaka mwaka 1988 chuo cha Gallaudet kilikuwa hakijapata kuwa na mkuu kiziwi. Mwezi wa Machi mwaka huo, alipochaguliwa tena mtu wa kusikia, wanafunzi walifunga malango, na baada ya juma moja akawekwa I. King Jordan, kiziwi. Katika mwaka huo huo Stokoe alitunukiwa na chuo hicho shahada ya heshima.